Waifai Haionekani, Printa Haichapi: Mwongozo wa Linux kwa Kompyuta za Mtumba

Mwongozo huu ni wako kama umenunua kompyuta iliyokwisha tumika, umeiwekea Linux au unakusudia kuiwekea, na kuna kifaa kimoja kinachogoma. Pengine una steshenari karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Pengine wewe ni mwalimu wa Kongwa au Mpwapwa mwenye mashine chache za maabara, au mwanafunzi wa Dodoma mwenye laptopu moja inayobeba masomo yako yote.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre nyingi zinazouzwa kwa mtumba hazifikii hapo, ingawa ni mashine imara zenye miaka mingi ya kazi mbele yake. Linux inazifaa sana. Zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, chipu zake zinajulikana, na hata likitokea tatizo, mara nyingi linahusu kifaa kimoja tu na lina jawabu.

Kinachowaangusha watu ni kukimbilia dawa kabla ya kipimo. Waifai ikigoma, mtu ananakili amri aliyoikuta mahali, haisaidii, ananakili nyingine, na jioni anampelekea fundi mashine apige Windows upya. Anza kwa kuiuliza mashine ina chipu gani. Swali hilo halichukui hata dakika tano, na ndilo litakaloamua kila hatua inayofuata.

## Kwa nini kifaa kinagoma

Kiini cha Linux kinaitwa keneli. Keneli ndiyo inayozungumza na kila chipu ndani ya mashine, na kwa kila chipu inahitaji draiva, yaani programu ndogo inayojua namna ya kuiendesha. Kwenye Windows tumezoea draiva inayokuja na CD au kupakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwenye Linux draiva nyingi zimo ndani ya keneli tayari. Ukichomeka kifaa, keneli inasoma namba yake, inatafuta draiva inayoitambua namba hiyo, na kazi inaanza bila kukuuliza.

Namba hiyo ina sehemu mbili za tarakimu nne nne. Ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya kifaa. 8086 ni Intel, 10de ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek. Realtek haohao, kifaa chao kikiwa cha USB, hutumia 0bda.

Jina lililoandikwa kwenye boksi haliwezi kuchukua nafasi ya namba hii. Adapta ya waifai ya TP-Link TL-WN722N ni ushahidi mzuri: toleo la kwanza lina chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux inaijua vizuri, matoleo ya pili na ya tatu yana Realtek RTL8188EUS, ambayo imewasumbua wengi. Jina ni lilelile, na umbo halitofautiani sana. Mtu anayekuambia "hiyo inafanya kazi, mimi ninayo" anaweza kuwa anasema kweli juu ya kifaa tofauti kabisa na chako.

Mbali na draiva, chipu nyingi, hasa za waifai na kadi za picha, zinahitaji famwea. Hili ni faili ambalo draiva hulipakia ndani ya chipu kila mashine inapowashwa. Draiva ikiwapo lakini famwea ikakosekana, kifaa kinaonekana kwenye orodha lakini hakifanyi kazi. Debian, mojawapo ya aina za Linux, zamani iliziacha nje ya flashi ya kusakinishia famwea ambazo si programu huria. Tangu Debian 12 ya Juni 2023 zimo ndani, kwa hiyo maelezo ya zamani kuhusu kuzitafuta kando usiyafuate bila kuangalia tarehe yake.

## Iulize mashine

Fungua terminali (kwa kawaida Ctrl+Alt+T) na ufuate mpangilio huu.

1. Andika `lspci -nnk`. Hii inaorodhesha vifaa vilivyo kwenye ubao wa ndani: kadi ya mtandao, sauti, picha. Chini ya kila kifaa tafuta mstari unaoanza na `Kernel driver in use`.
2. Kwa vilivyochomekwa USB andika `lsusb`. Chomoa kifaa, andika tena, linganisha. Mstari uliotoweka ndio wake.
3. Andika `uname -r` upate toleo la keneli.
4. Andika `sudo dmesg | grep -i firmware`. Ukiona neno `failed` pamoja na jina la faili, kwa mfano `iwlwifi-7260-17.ucode`, umepata famwea ambayo keneli imeikosa. Wakati mwingine hujaribu toleo moja, hulikosa, kisha hupata jingine na kuendelea, kwa hiyo soma hadi mistari ya chini.
5. Nakili namba ya kifaa, ile yenye nukta mbili katikati kama `14e4:4365`, kwenye karatasi.

Kama umeiweka Linux yako kwa Kiswahili, tanguliza `LC_ALL=C` mbele ya amri yoyote ili ujumbe utoke kwa Kiingereza. Ukiutafuta ujumbe huo intaneti kwa maneno yaleyale, utapata majibu mengi zaidi.

> KISANDUKU: MAJIBU MATATU NA MAANA YAKE
>
> Kifaa hakimo kwenye orodha kabisa. Draiva haitasaidia. Kimezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mkuu), kimelegea, au kimekufa. Ingia BIOS kwanza, kisha fungua mashine.
>
> Kimo, lakini hakuna `Kernel driver in use`. Draiva inakosekana. Ama isakinishwe, au keneli yako ni ya zamani kuliko kifaa.
>
> Kimo, draiva ipo, lakini hakifanyi kazi. Angalia famwea, swichi iliyozimwa, au mpangilio. Usiguse draiva bado.

Kisanduku hiki kina kighairi kimoja ninachokijua vizuri. Baadhi ya chipu za Broadcom huonyesha draiva iitwayo `bcma-pci-bridge` na bado waifai haipo. Hapo ihesabu draiva kuwa inakosekana.

## Kabla hujabadilisha chochote

Nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje. Ukiwa na Windows ndani ya mashine hiyohiyo, hakikisha una ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, kwa sababu mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya Windows iudai.

Kisha andaa intaneti, maana draiva ya waifai haiwezi kujipakua kwa waifai iliyogoma. Simu ya Android inatosha: ichomeke kwa waya wa USB, fungua mipangilio ya hotispoti kwenye simu, washa kipengele cha kugawa intaneti kwa USB. Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya, bila draiva ya ziada. Simu isipoonekana, badilisha waya kwanza. Nyaya nyingi za bei rahisi zinachaji tu, hazipitishi data.

Angalizo la bando: mashine mpya ikipata intaneti inaweza kuanza kupakua masasisho ya mamia ya megabaiti. Fungua mipangilio ya mtandao, uutaje muunganisho wa simu kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, na upakue draiva peke yake. Masasisho mengine yasubiri mtandao wa chuo au wa ofisi.

## Waifai

Malalamiko mengi huanzia hapa, kwa hiyo nenda polepole.

1. Andika `rfkill list`. Ukiona `Hard blocked: yes`, kuna swichi au kitufe kwenye laptopu kimezima redio. Kitafute pembeni au kwenye safu ya F. Ukiona `Soft blocked: yes`, andika `rfkill unblock wifi`.
2. Kama mashine ina Windows pia, ingia Windows uzime kipengele cha kuwaka haraka, kile kinachoitwa "Fast Startup". Kikiwa kimewashwa, Windows haizimiki kikamilifu. Inaweza kuiacha kadi ya waifai katika hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha, na diski ya Windows ikabaki imefungwa usiweze kuandika juu yake.
3. Soma namba ya chipu.
   - 8086, Intel. Draiva iko ndani ya keneli. Tatizo likiwapo, mara nyingi ni famwea: kwenye Ubuntu na Linux Mint ni kifurushi `linux-firmware`, kwenye Debian ni `firmware-iwlwifi`.
   - 14e4, Broadcom. Kwenye Linux Mint fungua Driver Manager, kwenye Ubuntu fungua Additional Drivers, uchague draiva ya Broadcom inayopendekezwa. Driver Manager ya Mint inaweza kuichukua draiva hiyo kutoka kwenye flashi uliyosakinishia, bila intaneti, na hiyo ni sababu tosha ya kutoifuta flashi mapema. Kwenye Debian, washa sehemu ya `non-free` kisha sakinisha `linux-headers-amd64` na `broadcom-sta-dkms`. Ile `14e4:4365` niliyoitaja ni BCM43142, na inahitaji draiva hii.
   - 10ec au 0bda, Realtek. Chipu nyingi zinafanya kazi kwenye keneli mpya na kugoma kwenye za zamani. Jaribu keneli mpya kwanza kabla ya kutafuta draiva za watu binafsi. Kwenye Ubuntu 24.04 andika `sudo apt install linux-generic-hwe-24.04`, kwenye Mint pitia Update Manager, sehemu ya keneli.
4. Zima mashine kabisa, iwashe, jaribu tena.

Sasa kuna mtego wa Secure Boot (ulinzi wa BIOS unaokubali programu zenye saini tu), ambao nadhani umewakatisha tamaa watu wengi kuliko chipu zenyewe. Draiva iliyojengwa juu ya mashine yako, kama ya Broadcom au NVIDIA, haina saini ambayo Secure Boot inaitambua. Ndiyo maana wakati wa kuisakinisha unaombwa utunge nywila. Ukiwasha mashine mara ya kwanza baada ya hapo, inatokea skrini ya buluu. Chagua `Enroll MOK`, endelea, weka nywila ileile. Wengi huiona skrini hiyo, wakaogopa, wakabonyeza kuendelea kuwasha, na draiva ikabaki imefungiwa nje. Kujua kama Secure Boot imewashwa, andika `mokutil --sb-state`. Ukishindwa kabisa unaweza kuizima kwenye BIOS. Kwa kompyuta ya steshenari ninaona hilo linakubalika, lakini kwa laptopu unayotembea nayo ni bora ukamilishe hatua ya MOK.

Yote yakishindikana, usiteseke wiki nzima. Adapta ndogo ya USB yenye chipu ya Atheros AR9271 au MediaTek MT7601U inamaliza kazi. Kubadilisha kadi ya ndani pia kunawezekana, ila baadhi ya laptopu za zamani za HP na Lenovo hukataa kuwaka zikikuta kadi ambayo haimo kwenye orodha ya BIOS yao. Ulizia modeli yako kabla ya kulipa.

## Printa

Kwa mwenye steshenari printa ndiyo riziki, kwa hiyo sishauri uhamie Linux kabla hujaijaribu printa yako mwenyewe. Tofauti kati ya printa na printa ni kubwa kuliko kwenye kifaa kingine chochote.

Kuna printa zinazopokea ukurasa kwa lugha ya kawaida kama PostScript, kisha zenyewe zinapanga nukta. Hizi Linux inaziendesha kwa urahisi. Kyocera nyingi za ofisini ziko kundi hili, na unachohitaji ni faili la maelezo ya printa (PPD) la modeli yako. Nyingine ni za bei nafuu kwa sababu kazi ya kupanga nukta zimeiachia kompyuta, nazo zinataka draiva maalumu ya mtengenezaji. Hizo ndizo zinazosumbua.

- HP LaserJet ndogo, kama P1005 na P1102. Zinahitaji programu ya HPLIP pamoja na nyongeza ya HP isiyo huria. Sakinisha `hplip`, kisha andika `hp-setup -i`. Itakuuliza kuhusu nyongeza, ikubali. Nyongeza inapaswa kulingana na toleo la HPLIP. Kwa hiyo printa iliyochapa vizuri jana ikigoma baada ya masasisho, andika `hp-plugin -i` kabla ya kufungua printa au kumlaumu muuza tona.
- Epson za tangi la wino, kama L3110 na L3150. Sakinisha `printer-driver-escpr`. Zinachapa vizuri.
- Canon LBP2900. Inatumia lugha ya Canon iitwayo CAPT. Draiva yake ya Linux ni ya zamani, inadai maktaba za biti 32, na huvunjika mfumo ukisasishwa. Kama ndiyo printa yako pekee ya biashara, bakiza mashine moja ya Windows kwa ajili yake, au panga kuibadilisha. Siwezi kukushauri uitegemee kwenye Linux siku ya wanafunzi kuwasilisha ripoti.
- Printa mpya za waifai. Nyingi hazihitaji draiva. Ziunganishe kwenye ruta ileile na kompyuta, fungua mipangilio ya printa, usubiri.

Printa ikiwa imesakinishwa lakini kazi zinakaa tu kwenye foleni, andika `lpstat -t`. Neno `disabled` likitokea, foleni imesimama, pengine baada ya karatasi kukwama au umeme kukatika. Iwashe kwa `sudo cupsenable` ikifuatiwa na jina la printa. Hili halihusu draiva hata kidogo.

## Skrini nyeusi baada ya kuwasha

Hutokea hasa kwenye mashine zenye kadi ya NVIDIA.

1. Washa mashine, ushikilie Shift au uguseguse Esc mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua cha kuwasha, itokee.
2. Simama kwenye mstari wa kwanza, bonyeza `e`.
3. Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`. Mwishoni mwake, baada ya `quiet splash`, acha nafasi uandike `nomodeset`.
4. Bonyeza F10. Mashine itawaka, picha ikiwa si nzuri sana.
5. Fungua Driver Manager au Additional Drivers, sakinisha draiva inayopendekezwa, washa upya.

`nomodeset` uliyoandika hapo ni ya mara moja tu, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Watu huiacha kabisa kwenye mipangilio, kisha wanalalamika kuwa video zinakwama. Kwa kadi za zamani ambazo NVIDIA imeacha kuzihudumia, baki na draiva huria ya `nouveau`. Na kama kompyuta ya mezani ina picha za Intel ndani ya prosesa, unaweza kuitoa kadi ya NVIDIA, ukachomeka waya wa skrini kwenye tundu la ubao mkuu, ukaendelea na kazi zako za ofisi.

Skrini nyeusi ikitokea baada ya masasisho, kwenye GRUB chagua "Advanced options" na uwashe kwa keneli iliyotangulia. Kwa kawaida Linux huibakiza keneli ya zamani kwa ajili hiyo.

## Saa iliyopotea

Hili linajificha sana kwenye mashine za mtumba. Ubao mkuu una betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, inayoendesha saa umeme ukiwa umezimwa. Ikifa, kila umeme unapokatika tarehe inarudi miaka mingi nyuma. Hapo tovuti zinakataa kufunguka, na masasisho yanakuambia kuwa faili "is not valid yet". Mtu anaona intaneti haifanyi kazi na kuanza kuhangaika na draiva ya waifai iliyo nzima kabisa.

Andika `timedatectl` uangalie tarehe. Ikiwa imekosewa, irekebishe, kisha nunua betri mpya. Kwenye kompyuta ya mezani ni kazi ya kufungua kifuniko na kubadilisha. Baada ya hapo ingia BIOS uangalie mipangilio, kwa sababu betri iliyokufa inaweza kuwa imeirudisha yote kwenye ya kiwandani, ikiwamo ya diski ninayoieleza hapa chini.

Saa ikikosea saa tatu kamili, sababu ni nyingine. Linux huiweka saa ya ubao kwa wakati wa UTC, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Kama una mifumo yote miwili, andika `timedatectl set-local-rtc 1`.

## Diski haionekani wakati wa kusakinisha

Ingia BIOS, tafuta mpangilio wa SATA. Ukiwa kwenye RAID au Intel RST, ubadilishe uwe AHCI.

> ONYO: Windows iliyosakinishwa chini ya RAID inaweza kukataa kuwaka ukibadilisha ghafla. Kama unaihitaji, iandae kwanza kuwaka kwa hali salama, au mwite anayejua. Kama unaifuta, endelea.

## Modemu na sauti

Modemu za USB za Huawei (namba 12d1) hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya Windows. Kifurushi `usb-modeswitch` huzigeuza kuwa modemu. Baada ya sekunde chache namba kwenye `lsusb` inabadilika. Isipobadilika, sakinisha kifurushi hicho uchomeke upya. Ondoa PIN ya laini ukiwa umeiweka kwenye simu.

Sauti ikikosekana, fungua mipangilio ya sauti uangalie haitumwi HDMI. Kisha andika `alsamixer`. Safu yenye `MM` imenyamazishwa, bonyeza `m` kuifungua. Laptopu mpya za Intel kwenye Debian huhitaji `firmware-sof-signed`.

Visoma alama za vidole vingi havifanyi kazi. Visahau.

## Vumbi na umeme

Mashine inayozima ghafla au kuwa nzito ikifika mchana inaweza kuwa haina tatizo la Linux. Dodoma ina kiangazi kirefu, kuanzia Mei hadi karibu Novemba, na upepo wake unabeba vumbi laini linalojaa kwenye feni na mapezi ya kupoozea. Prosesa ikichemka hujipunguza kasi, ikizidi huzima. Sakinisha `lm-sensors`, andika `sensors`. Ukiona nyuzijoto 90 wakati hakuna programu nzito inayofanya kazi, zima mashine, chomoa umeme, fungua, ushikilie feni isizunguke na upulize vumbi kwa blowa. Usipulize kwa mdomo, unapeleka unyevu.

Umeme unaokatika katikati ya masasisho huacha vifurushi nusu. Dalili zake hufanana na draiva mbovu. Kabla ya kingine chochote andika `sudo dpkg --configure -a` kisha `sudo apt -f install`. Kwa kompyuta ya mezani UPS ndogo italipa gharama yake.

## Makosa yanayojirudia

- Kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Kifaa kikipona hujui kilichokiponya, kikizidi kuharibika hujui cha kurudisha.
- Kufuata maelezo ya Linux nyingine kama Fedora au Arch kwenye Ubuntu, au makala ya mwaka 2010 yanayokuambia utumie `ndiswrapper`.
- Kupakua draiva ya `.exe` na kujaribu kuilazimisha.
- Kuchagua Kali kama Linux ya kwanza ya kazi za kila siku. Nawaelewa wanafunzi wanaoipenda, lakini Kali ilitengenezwa kwa ajili ya kupima usalama. Anza na Mint, Ubuntu au Debian.
- Kusakinisha upya mfumo mzima kwa ajili ya kifaa kimoja. Ukisakinisha kitu kilekile juu ya chipu ileile, kwa kawaida utapata jibu lilelile.

## Kabla hujalipa dukani

Njia bora kuliko zote ni kuijaribu mashine kabla haijawa yako. Andaa flashi ya GB 8 kwa Rufus, balenaEtcher au Ventoy. Bila mojawapo ya programu hizo, kulinakili faili la ISO kwenye flashi kama wimbo hakutoshi, haitawaka. Mwombe muuzaji umeme na dakika ishirini. Akikataa, nenda duka la pili.

1. Chomeka flashi, washa, bonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia: Dell na Lenovo F12, HP Esc kisha F9.
2. Chagua kujaribu bila kusakinisha. Hakuna kitakachoguswa kwenye diski.
3. Kagua:

☐ Waifai inaona hotispoti ya simu yako na kufungua tovuti
☐ Sauti inatoka kwenye spika na kwenye tundu la hedifoni
☐ Kila tundu la USB linasoma
☐ Herufi zote za kibodi zinaandika
☐ Mwanga wa skrini unapungua na kuongezeka
☐ Laptopu ikifunikwa inalala, ikifunuliwa inaamka
☐ Kamera inaonyesha picha
☐ HDMI au VGA inatoa picha kwenye skrini ya pili
☐ Tarehe ni sahihi baada ya kuchomoa umeme na kuwasha tena
☐ Printa yako inachapa, kama inabebeka

4. Piga picha ya `lspci -nnk` na `lsusb` kwa simu, hata kama kila kitu kimefanya kazi.

Kitu kikigoma kwenye jaribio, huenda kinaponyeka kwa hatua za juu, lakini sasa unakijua, na una sababu ya kuomba punguzo.

## Unapomwomba mtu msaada

Uwe unamwuliza kijana wa CIVE, ndaki ya kompyuta pale UDOM, au mtu wa mbali usiyemjua, "waifai haifanyi kazi" haimpi pa kuanzia. Mpe haya kwa pamoja: modeli ya mashine, jina na toleo la Linux, jibu la `uname -r`, namba ya kifaa yenye nukta mbili, mistari ya `dmesg` inayokihusu, na ulichokwisha kujaribu kwa mpangilio. Kwenye Mint, `inxi -Fz` inakusanya mengi ya haya kwa mara moja na kuficha namba za utambulisho za mtandao wako. Unaweza pia kuiandika namba ya kifaa kwenye linux-hardware.org ukaona keneli zipi zimekiendesha kwenye mashine za wengine.

Likitatuliwa, andika kwenye karatasi modeli, namba ya chipu, kifurushi kilichosaidia na tarehe, uibandike chini ya laptopu au ndani ya kifuniko cha kompyuta ya mezani. Maabara ya shule yenye mashine kumi za modeli moja itahitaji karatasi moja tu.